Kabla Hujalipa Kodi ya Miezi Sita

Dar es Salaam mpangaji hulipa kwanza, kisha ndipo anaijua nyumba. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita, wengine ya mwaka mzima, yote mkononi kabla ufunguo haujatoka. Ndugu zetu wa Nairobi wamezoea kulipa mwezi kwa mwezi na kuweka amana. Nyumba ikiwashinda, hasara yao ina kikomo. Mpangaji wa Sinza, Tabata au Mbagala akigundua wiki ya pili kwamba bomba halitoi maji, ameshafungwa na kodi ya miezi mitano na nusu. Hela ikishatoka, mwenye nyumba hana haraka tena, dalali hapokei simu, na wewe unabaki kuomba. Ndiyo maana nina ombi moja kwako unayetafuta nyumba: maswali yote, ukaguzi wote na mabishano yote yamalize hela ikiwa bado mfukoni mwako.

Anza na hesabu. Tuseme umeoneshwa chumba na sebule kwa Sh 150,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 900,000. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, yaani 150,000 nyingine, na mara nyingi ameshachukua hela ya kuoneshwa nyumba kabla hata hujapata unayoitaka. Bado kirikuu cha kuhamisha vyombo, kitasa kipya, pazia, na fundi wa kubadilisha nyavu za madirisha zilizotoboka. Mwenye laki tisa kamili hajafikisha hela ya nyumba hii. Anahitaji kama milioni moja na laki mbili ili aingie na abaki na hela ya kula. Afadhali ushuke daraja la nyumba kuliko kuingia kwa mkopo. Kodi ya kwanza wengi huipata kwa kuchangiwa na ndugu, kwa kupokea mchezo wa upatu au kwa kuuza kitu. Ya pili hutoka kwenye mshahara au biashara yako mwenyewe, na miezi sita hukatika haraka. Jiulize kama unaweza kuweka kando 150,000 kila mwezi bila kuigusa. Kama huwezi, nyumba hiyo imekizidi kipato chako, hata kama leo hela unayo.

Kodi nafuu ya mbali huficha nauli. Ukikaa mahali pa kupanda magari mawili kwenda kazini na mawili kurudi, kwa nauli ya 600 kila gari, ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Anayekaa penye gari moja analipa nusu yake. Ile 31,200 inayobaki kila mwezi ungeweza kuiongeza kwenye kodi ukasogea karibu, na ukalala muda mrefu zaidi. Usikubali kupelekwa kuangalia eneo siku ya Jumapili, barabara zikiwa wazi. Nenda siku ya kazi, uwe kituoni saa kumi na mbili asubuhi, upande gari pamoja na watu wanaolipanda kila siku. Kuna vituo ambavyo magari huanzia, na kuna vituo vya katikati ambako yanapita yamejaa mpaka mlangoni. Kodi ya sehemu hizo mbili inaweza kulingana, lakini asubuhi zake hazilingani hata kidogo. Pima pia kipande cha kutoka lami hadi mlangoni. Ndani ndani ya Goba, Madale, Kivule na Chanika kuna nyumba nzuri, zenye nafasi, za bei ya kutamanisha, ila ni za kufika kwa bodaboda. Uliza bodaboda ni shilingi ngapi mchana, shilingi ngapi saa nne usiku, na kama mvua ikinyesha zinafika au zinakuacha njiani.

Mvua ndiyo mkaguzi mkali kuliko wote, na hapa nitakaa kidogo. Wakati mzuri wa kutafuta nyumba jijini hapa ni ule ambao hakuna anayependa kutembea: masika, kati ya Machi na Mei, au vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ukitafuta Agosti, bonde lote ni kavu, njia ni ngumu, na nyumba ya bondeni inakuvutia kuliko ya mlimani kwa sababu ni ya bei nafuu na iko karibu na mjini. Jangwani, Kigogo, Hananasif, Tandale kandokando ya Mto Ng'ombe, Boko Basihaya: haya ni majina ambayo mkazi wa zamani akiyasikia huuliza kwanza, upande gani? Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Miaka iliyofuata maji yamerudi mara kwa mara, na hata anayekaa juu huko Kimara huathirika, kwa kuwa barabara ikifungwa pale Jangwani safari ya kwenda mjini inavurugika.

Kama umelazimika kutafuta wakati wa kiangazi, soma ukuta. Tazama kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Rangi iliyopakwa upya sehemu ya chini tu, lipu inayobanduka, mstari wa udongo nyuma ya mlango, kingo ya saruji iliyojengwa kwenye kizingiti, soketi za umeme zilizopandishwa juu kuliko kawaida, friji ya jirani iliyokaa juu ya matofali: kila kimoja peke yake kinaweza kuwa na sababu nyingine, lakini ukiona viwili au vitatu, maji yameshaingia hapo. Kisha nenda kwa Mangi, mwenye duka la kona, ununue hata maji ya kunywa, umuulize. Usimuulize kama maji huwa yanajaa, maana atakujibu kwa adabu kwamba yanajaa kidogo tu. Muulize, "Ile mvua kubwa ya mwisho, maji yalifika wapi?" Atanyoosha mkono akuoneshe. Waulize na watoto wanaocheza nje, hawana sababu ya kukuficha.

Jambo jingine la mvua watu huona aibu kuuliza, nalo ni choo. Kwenye mitaa iliyobanana, shimo likijaa wapo wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe choo, uchafu uende na maji ya mtaani. Ukiwa chini ya mteremko, uchafu huo unapita mlangoni kwako na watoto wako wanaukanyaga. Kipindupindu huanzia hapo. Uliza shimo liko wapi, lilinyonywa lini, gari la majitaka linafikaje kama nyumba haina njia, na hela ya kunyonya hutolewa na nani. Mwenye nyumba asiyeweza kukumbuka lini mara ya mwisho gari lilikuja anakueleza mengi.

Tazama pia kama ukutani kuna alama ya X, au mahali palipopakwa rangi kuifuta. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilivunjwa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na ndani ya nyumba hizo walikuwemo wapangaji. Mpangaji wa nyumba ya kuvunjwa hupata taarifa mwisho, na kodi yake huishia kwenye mazungumzo marefu na mtu ambaye naye amepoteza nyumba. Ofisi ya serikali ya mtaa inajua ni nyumba zipi zimewekewa alama au zipo kwenye eneo la mradi. Ingia uulize, swali halilipiwi.

Sasa maji yale tunayoyataka. Kufungua bomba mara moja na kuona yanatoka hakutoshi, maana huenda umefika siku yake. Uliza: yanatoka siku zipi, saa ngapi, na kwa nguvu ya kupanda kwenye tanki au ya kujaza ndoo tu? Mwishoni mwa mwaka 2022 kina cha Mto Ruvu kiliposhuka kwa ukame, jiji liliingia kwenye mgawo, na ndipo ilipoonekana tofauti kati ya nyumba yenye tanki kubwa lenye pampu na nyumba yenye pipa. Kama nyumba ina kisima, onja maji kisha osha mikono kwa sabuni. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Sabuni haitoi povu, chai haina ladha, na koki huliwa na kutu. Si kosa la mtu, lakini itabidi ununue madumu ya maji baridi ya kunywa na kupikia, na hiyo ni gharama ya kila wiki ambayo haimo kwenye bei uliyotajiwa. Kisha uliza bili ya maji ya DAWASA inagawanywaje. Kuna nyumba wanagawa kwa vyumba, nyingine kwa vichwa. Mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba ya kugawa kwa vyumba anawalipia wenzake wenye familia ya watu sita, na baada ya miezi miwili mnaanza kununiana uani.

Umeme una mambo yake, na nashangaa wapangaji wengi hawayajui. Swali la kwanza ni kama chumba kina mita yake au mnachangia mita moja. Swali hili lina uzito kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu ya jinsi TANESCO inavyopanga bei. Mteja mdogo wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Mteja wa kundi la T1, la wanaozidi hapo, hulipa Sh 292 kwa uniti. Wapangaji wanne kwenye mita moja ni vigumu kukaa chini ya uniti 75, kwa hiyo nyumba yote iko kwenye bei ya juu, hata kwa bibi mwenye taa mbili na redio. Uniti 40 ambazo ungezipata kwa 4,000 ukiwa na mita yako ya D1, kwenye mita ya kuchangia zinakuwa 11,680, kodi na tozo bado hazijaingia. Zidisha kwa miezi sita. Mita ya kuchangia ina gharama nyingine isiyoandikwa popote: ugomvi. Nani anawasha feni usiku kucha, nani ana friji, nani anapiga pasi nguo za watu kwa biashara, nani hakutoa mchango mwezi uliopita umeme ukakatika saa tatu usiku. Kama chumba umekipenda na mita ni moja, uliza kama kuna mita ndogo za ndani zinazoonesha matumizi ya kila mpangaji. Kama hazipo, sema mapema vyombo ulivyonavyo, na mkubaliane kiasi mbele ya wapangaji wenzako, mwenye nyumba akiwa amesimama hapo.

Kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 Serikali inaikusanya kupitia ununuzi wa umeme, mwanzoni Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 Sh 1,500. Ghorofa hutozwa kwa kila sakafu, sasa Sh 7,500. Kodi hii ni ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo wewe ndiye unayekatwa. Kwa nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, na haki ni irudishwe kwa kupunguzwa kwenye kodi ya pango. Kiasi si kikubwa na wengi huona kukidai ni kupoteza muda, ila angalia jambo moja: nyumba iliyokaa bila mtu kwa miezi mingi hulimbikiza deni hilo kwenye mita. Utanunua umeme wa elfu kumi siku ya kwanza, uniti zije chache, uanze kudhani mita ni mbovu. Kabla ya kulipa pango, nunua umeme wa hela ndogo mbele ya mwenye nyumba, usome ujumbe umekata nini.

Kuhusu joto sina mengi. Kaa ndani ya chumba saa nane mchana kwa robo saa, mlango umefungwa. Bati bila dari litakupa jibu. Kuanzia Novemba hadi Machi, miezi ya joto kali, upepo wa kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Chumba chenye dirisha upande huo hulala vizuri, na chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono mmoja kitadai feni mchana na usiku. Kwa kelele, rudi Ijumaa au Jumamosi saa nne usiku. Baa isiyoonekana asubuhi utaisikia, na spika za ukumbini pia.

Kwa wadada wanaopanga peke yao naomba mniruhusu niseme kwa msisitizo. Fikeni usiku. Tazameni kama njia ya kutoka kituoni ina taa, kama kuna vichochoro vya watu waliokaa bila shughuli, kama choo kiko ndani au ni cha kutoka uani, kama madirisha yana nondo, kama mlango unafungwa kwa komeo kutoka ndani. Mama mwenye nyumba anayekaa hapo hapo ana faida ya ulinzi, lakini muulizeni sheria zake waziwazi: geti linafungwa saa ngapi, mgeni anaruhusiwa kulala, kaka yako akija kutoka mkoani itakuwaje. Binti anayefanya kazi za zamu hospitalini hawezi kuishi nyumba ambayo geti hufungwa saa nne na ufunguo ni mmoja. Na mwenye nyumba wa kiume anayeuliza mno habari za ndoa yako, na kutaka namba yako ya pili ya simu kabla hamjazungumza kodi, mwache na nyumba yake. Vyumba Dar es Salaam ni vingi.

Wenye watoto wadogo watazame shimo lisilofunikwa, kisima chenye mfuniko wa bati, na ngazi zisizo na kingo. Wenye wazazi wazee watazame ngazi na choo cha kuchuchumaa. Kila mtu atazame kunguni kwenye mipasuko ya milango na pembe za dari, kwa sababu kunguni wakishaingia kwenye kitanda chako unahama nao.

Mtu wa kuaminika kuliko wote kwenye nyumba ni mpangaji anayehama. Mkute kabla hajaondoka, umsaidie hata kubeba ndoo, umuulize kwa nini anahama. Akisema amehamishiwa kazi Dodoma au amejenga, vizuri. Akisita, msubiri amalize kusita. Wapangaji waliobaki watakuambia habari za maji na umeme, lakini wataficha habari za ugomvi wao wenyewe. Yule anayeondoka hana cha kuficha.

Nikifika kwenye suala la nani hasa mwenye nyumba, naona hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kuliko hata mafuriko. Mtu anaweza kukupokea, akafungua mlango kwa ufunguo wake, akajua kila swichi, na bado asiwe na haki ya kukupangisha. Anaweza kuwa mpangaji ambaye kodi yake inaisha mwezi ujao. Anaweza kuwa mpangaji wa Shirika la Nyumba la Taifa kule Upanga, Keko au Ilala, anayekupangisha kwa siri nyumba ambayo mkataba wake unamkataza kupangisha bila idhini ya Shirika. Siku Shirika likikagua, unayetolewa ni wewe. Anaweza kuwa tapeli aliyepanga kwa mwezi mmoja ili akusanye kodi ya watu watano kwa chumba kimoja. Na anaweza kuwa mtoto wa marehemu.

Hii ya mwisho ni ya kawaida mno kwenye nyumba za zamani za Magomeni, Mwananyamala, Temeke na Buguruni. Baba amefariki, nyumba ni ya watoto saba, mmoja aliyebaki nyumbani anapangisha vyumba vya uani na kula kodi. Wengine wakija kudai haki yao, hawana mkataba na wewe na hawautambui. Kodi uliyompa ndugu yao watakuambia umdai yeye. Kwa hiyo ukiambiwa nyumba ni ya familia, omba kumjua msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na uone barua yake. Jina la kwenye barua ndilo liwe kwenye mkataba, na hela iende kwake. Swali hili linaonekana la kukosa adabu kwa waliofiwa, najua. Liulize kwa upole, ukitanguliza pole, lakini liulize.

Njia ya kuhakikisha ni fupi. Nenda kwa mjumbe wa shina au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, taja nyumba, uulize ni ya nani na kama ina mgogoro. Waulize majirani wawili waliokaa muda mrefu. Omba kuona hati, leseni ya makazi, au hata karatasi za mauziano zilizoshuhudiwa na serikali ya mtaa, kwani nyumba nyingi za jiji hili hazina hati. Uliza pia kama nyumba imewekwa rehani benki. Mwenye nyumba akishindwa kulipa mkopo, mnunuzi wa mnadani anakuja na karatasi zake, na wewe unaanza kuhangaika upya.

Dalali simwiti adui. Anajua vyumba ambavyo wewe usingeviona kwa mwezi mzima wa kutembea, na wapo wanaofanya kazi yao kwa uaminifu wakiheshimika mtaani. Lakini kumbuka anayelipwa mara tu ukilipa hana sababu ya kukuambia usilipe. Muulize hela ya kuoneshwa ni kiasi gani na ni kwa nyumba ngapi, kabla hamjatoka. Udalali mpe baada ya kukabidhiwa ufunguo, usimpe asubuhi mkienda. Kodi usiipitishe mkononi mwake hata siku moja. Kwa picha za nyumba zinazozunguka kwenye simu, zenye marumaru zinazong'aa na dari la jipsamu, usitume hela ya "kushikilia nyumba" kabla hujasimama ndani ya nyumba hiyo kwa miguu yako. Ukisikia "kuna mtu mwingine analipia leo jioni", mwache huyo mtu alipie.

Mkataba sasa. Zamani kulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi cha kodi na namna ya kulipa ni makubaliano kati yako na mwenye nyumba. Hiyo ina maana kwamba lisiloandikwa utalitetea kwa mdomo mtupu. Bado hujaachwa bila sheria kabisa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayepangisha makazi ayatoe yakiwa yanafaa kukaliwa na binadamu na ayatunze hivyo, na akipangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta za nje na mifereji mikuu. Ukijua hilo, utasoma kwa macho makali karatasi ya kununua dukani inayosema "matengenezo yote ni juu ya mpangaji". Kata sentensi hiyo. Andikeni kwamba bomba la ndani na taa ni juu yako, paa, nyaya za ukutani na shimo la choo ni juu yake, na kwamba ukitengeneza cha kwake kwa makubaliano, hela hiyo inapunguzwa kwenye kodi inayofuata.

Yaandikwe majina kamili ya wote wawili na namba za vitambulisho vya NIDA. Iandikwe tarehe kodi inapoanza kuhesabiwa. Wapo wenye nyumba wanaohesabu kuanzia siku uliyolipa wakati fundi bado anapaka rangi, na wiki tatu zinapotea. Iandikwe kwamba kodi haitapanda mpaka mkataba uishe, na kwamba akitaka kupandisha, kuuza au kukutoa, atatoa notisi ya maandishi ya muda gani. Iandikwe itakuwaje ukiondoka katikati: kama hela ya miezi iliyobaki inarudi, au unaruhusiwa kuleta mpangaji mwingine akurudishie. Kipengele hiki wenye nyumba hukikwepa, na ndicho ninachokupa moyo ukipiganie kuliko vyote, maana kazi huisha, watu huugua, na ndoa hubadilika kabla miezi sita haijatimia. Mashahidi wawe wawili, mmoja wa upande wako. Mkisaini mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa ni bora zaidi. Kodi ipitie benki au simu ili jina lake lijitokeze, na kama anataka taslimu tu, akuandikie risiti yenye kiasi kwa tarakimu na kwa maneno.

Mgogoro ukitokea, pa kuanzia ni serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 limebaki na kazi ya kusuluhisha tu. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kote utaulizwa karatasi.

Siku ya ufunguo usianze kwa kupanga makochi. Chumba kikiwa kitupu, piga picha kila ukuta, kila ufa, kila koki inayovuja, doa la dari, kioo kilichopasuka, na usomaji wa mita ya maji. Mtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zote mbili. Badilisha kitasa kabla ya usiku wa kwanza. Funguo za zamani hujui ziko kwa nani. Kesho yake nenda ujitambulishe kwa mjumbe na uandikishwe kwenye daftari la wakazi, maana barua ya utambulisho utakayoihitaji kwa ajili ya kitambulisho, mkopo au dhamana hutoka kwake na kwa mtendaji wa mtaa.

Mwezi wa nne wa kukaa kwako mfuate mwenye nyumba, usingoje wa sita. Muulize kama anaendelea na wewe na kwa bei gani. Akisema anapandisha, una miezi miwili ya kutafuta kwingine bila kukimbizwa, na una muda wa kumwomba mlipane kwa miezi mitatu mitatu. Mpangaji aliyelipa kwa wakati na kutunza nyumba ana nguvu ya kuomba hivyo, na wenye nyumba wengi hukubali, kwa kuwa nao wanachoka kuanza upya na mtu wasiyemjua.